Presha Katika Jicho la Kushoto

Kama umeambiwa juzi tu kwamba una presha ya macho, na sasa umekaa mahali unaziba jicho moja, unalifungua, unaziba la pili, kuona kama dunia bado ipo, haya nimekuandikia wewe. Mimi nilifanya hivyo miezi mingi. Nilifanya nikipiga mswaki, nilifanya kanisani wakati wa mahubiri, nilifanya nikiwa nimepanga foleni ya maji. Hakuna aliyeniambia kwamba watu wenye ugonjwa huu ndivyo tunavyokuwa, nikadhani ni kichaa changu peke yangu.

Naitwa Masanja, nachora mabango hapa Bariadi. Sikusoma kazi hii popote. Nilijifunza kwa kunakili herufi za magunia ya mbolea na za milango ya malori ya pamba, nikitumia mkaa kwenye ukuta wa nyumba yetu hadi mama akachoka kupaka upya. Herufi ikipinda hata kidogo sina raha. Kuna saluni moja niliwahi kuirudia alfajiri, kabla mwenyewe hajafungua, nikafuta herufi S na kuichora upya, wakati hakuna mtu mjini aliyekuwa ameiona kasoro yake. Nasema hili ili ujue ugonjwa ulimkuta mtu wa namna gani.

Kwenye uchunguzi wa macho nilifika kama fundi, sikufika kama mgonjwa. Ulikuwa msimu wa kupanda pamba. Timu ya watafiti ilikuwa imekuja kupima macho ya wazee wa vijijini, wakaanzia Dutwa, na walitaka bango la kusimamisha barabarani mbele ya zahanati. Mkuu wao alikuwa Dokta Marisol, mwanamke mfupi kutoka Ufilipino, aliyekaa nchini muda wa kutosha kuongea Kiswahili chake mwenyewe. Wazee waliokuwa kwenye benchi walimwita Mchina.

"Mwangaluka," aliwasalimia kwa Kisukuma.

"Mwangaluka, Mchina," akajibu mzee mmoja, wenzake wakacheka.

"Mimi siyo Mchina, baba. Kwetu Ufilipino. Visiwa, mpunga, samaki. Wewe ukija kwetu watoto watakuita Mnigeria, utakasirika bure."

"Nauli ukinipa, hata wakiniita mbuzi nakuja," mzee akasema.

Nilikuwa namalizia kivuli cha herufi ya mwisho pale Dokta aliponiita. Alikuwa na vijana wawili wapya wa kazi, na kabla hawajaanza kuwapima wazee alitaka wajifunzie kwa mtu ambaye hana haraka. Wakanikalisha kwenye kiti. Mbele yangu kulikuwa na ubao wenye herufi E tupu, nyingine zimetazama juu, nyingine chini, nyingine pembeni, zikianzia kubwa na kuishia ndogo kama sisimizi. Kazi yako ni kuonyesha kwa vidole miguu ya E imeelekea wapi. Nilifurahi kimoyomoyo. Mtu wa herufi amepewa herufi.

Kwa macho yote mawili nilionyesha hadi mstari wa mwisho. Wakaniambia nizibe jicho la kulia, nikaonyesha zote tena bila kukosa. Kisha wakaniambia nizibe la kushoto.

"Mmetoa ubao?" nikauliza.

"Ubao upo," alisema mmoja wa wale vijana, kisha akamtazama Dokta kama mtu aliyesema jambo baya.

Niliona weupe wa dirisha kwa pembeni, na kitu kama shati. Katikati hakukuwa na kitu. Haikuwa giza. Mahali penyewe hapakuwapo tu. Nikasema jasho limeingia jichoni, nikafuta, nikaomba turudie. Tukarudia. Nikaomba tena. Dokta Marisol akasogeza stuli, akakaa karibu yangu.

"Kwetu," akasema, "mama mmoja alionyesha herufi zote kwa jicho lililokufa. Nikashangaa sana. Kumbe mume wake amesimama nyuma yangu, anamwonyesha kwa kidevu. Juu, chini, juu. Nikamwuliza mama, kwa nini? Akasema, 'Umetoka mbali kuja kutupima, naona aibu kukuambia sioni.' Watu wetu wengi hivyo. Na wewe hivyo. Usinionee aibu."

Akanitia dawa ya kufanya ganzi, akagusisha kifaa kidogo kwenye kila jicho, akawasha taa yake na kutazama ndani kwa muda mrefu. Sikupenda jinsi alivyorudia kutazama. Mimi mwenyewe nikirudia kutazama kitu, ni kwa sababu kimeharibika.

"La kulia limeumwa siku nyingi," akasema. "Ugonjwa huu hauumi, ndiyo maana hukujua. La kushoto limekuwa linakufichia. Lakini la kushoto nalo limeanza."

"La kushoto nimeonyesha zote."

"Ndiyo. Ubao unapima katikati. Huu ugonjwa unaanzia pembeni."

"Sikukosa hata moja, Dokta."

"Najua, Masanja."

Niliendesha baiskeli kurudi Bariadi na ile rangi ikiwa bado kwenye kucha. Njiani ndipo nilipoelewa kwa nini mbuzi na watoto walikuwa wanazuka ghafla upande wangu wa kulia, na kwa nini mwaka ule wateja wawili walilalamika kwamba mistari yangu inapanda mlima. Nilikuwa nimejilaumu kwa uzembe. Nilikuwa hata nimejinyima chakula cha mchana ili niongeze umakini.

Nyumbani tuko watatu: mimi, mama yangu, na bibi mzaa mama. Mama anauza dagaa wa Kalemela sokoni. Aliposikia neno presha alielewa presha ile ya damu, na mimi nilieleza vibaya kwa sababu nilikuwa nimechanganyikiwa.

"Presha unaipata wapi, umri huu, huna hata mke?" akauliza.

Akaondoa chumvi kwenye mboga. Akanipondea vitunguu saumu, nikavimeza asubuhi na jioni. Bibi aliyekuwa hana presha yoyote naye akala mlenda usio na chumvi kwa wiki nzima, akilaani kila kijiko. Nilipokwenda na mama kumwona Dokta ndipo akaelezwa kwamba hii ni presha ya ndani ya jicho lenyewe, na dawa yake ni matone, tone moja kila jioni, maisha yote. Chumvi ikarudi. Bibi akasema huyo Mchina ana akili.

Matone yenyewe ni kitu kidogo sana kwa jinsi nilivyoyaogopa. Kichupa tulikiweka kwenye mchanga wenye ubaridi chini ya mtungi wa maji. Kila jioni nililala chali kwenye mkeka, nikaanza kuhangaika: limeingia au limeteleza shavuni? Nikiongeza jingine nimezidisha? Kama na wewe unahangaika hivyo, nilimwuliza Dokta, akasema ukihisi ubaridi ndani ya jicho limeingia, funga jicho, tulia. Nilihisi ubaridi na bado nikatilia shaka.

Palizi ilipoanza, macho yangu yakawa mekundu. Ni dawa iliyofanya hivyo, na tulikuwa tumeambiwa huenda ikatokea. Kope nazo zikarefuka. Mwenye duka la vipodozi ninayemchorea mabango alinishika kidevu mbele ya wateja.

"Jamani njooni mwone kope. Masanja, umebandika kwa nani? Na hayo macho, siku hizi unavuta?"

"Ni dawa, dada."

"Ndivyo wanavyosema wote."

Hayo niliyavumilia. Ila kuna jambo ambalo mtu asiye wa huku anaweza asilielewe, kwa hiyo nitalieleza taratibu. Bibi yangu ana macho mekundu tangu nimfahamu. Alipika maisha yake yote kwa kinyesi cha ng'ombe kilichokauka, maana kuni kijijini kwake Nkoma ni za shida, na moshi ule ulimwingia. Kwetu, mwanamke mzee mwenye macho mekundu anaweza kuitwa jina moja tu: mchawi. Mwaka ambao watoto wawili wa jirani walifariki wakifuatana, watu walianza kukatisha njia nyingine ili wasipite mbele ya nyumba yake. Kisha mtu akaweka majivu mlangoni kwake, onyo kwamba ahame. Mama alikwenda kumchukua kwa basi la asubuhi, na Bibi aliacha shamba lake la pamba likiwa limeshaota. Tangu hapo hapiti sokoni bila kuvuta kanga hadi kwenye nyusi.

Siku moja mama alirudi na ndoo yake ya dagaa ikiwa karibu imejaa. Alikaa kizingitini bila kuvua viatu.

"Kuna mama wa kule Nkoma amekuja kununua," akasema. "Ananiuliza kwa sauti, 'Na huyu kijana wako naye macho yamekuwa kama ya bibi yake? Amerithishwa?' Watu wote wananiangalia."

Nikampokea ndoo.

"Pumzika kidogo na hayo matone," mama akasema. "Wekundu ukiisha utaendelea. Si unaona vizuri?"

Naona vizuri. Hapo ndipo nilipoangukia, nikaacha matone. Nilikuwa nimechora ubao wangu wa herufi E ukutani chumbani, kwa vipimo, kazi safi kabisa, na kila asubuhi niliziba la kulia nikajipima kwa la kushoto. Sikuwahi kukosa. Niliendelea kujipima baada ya kuacha matone, na wala sikukosa. Kila asubuhi nilijipa alama zote, nikatoka nimetulia kwa muda kama wa kunywa chai. Nilikuwa nimechora E zile kwa mkono wangu, nilijua kila moja imetazama wapi hata gizani. Na hata kama nisingejua, Dokta alikwishaniambia ubao unapima katikati. Nilisikia, ila sikutaka kusikia. Ubao ndicho kitu pekee nilichokuwa nakifanya bila kosa.

Macho yakawa meupe. Mama akaanza tena kuimba akipanga dagaa. Tukapita msimu wa kupulizia dawa ya wadudu, pamba ikapasuka, watu wakaingia mashambani kuvuna, ikafika tarehe ya kumwona Dokta pale hospitali ya Bariadi.

Nadhani unalijua benchi lile. Kila mtu ametiwa dawa ya kupanua mboni, kwa hiyo mwanga unachoma na hakuna anayemtambua mwenzake. Ukiitwa unainuka ukigusa mabega ya watu. Mzee aliyekaa karibu yangu aliniuliza mara tatu kama ameshaitwa, na mara zote tatu nilimjibu bado, kisha nikaogopa kwamba labda ameshaitwa na mimi ndiye niliyekosa kusikia. Mama alikuwa ameshika mkono wangu kama mtoto wa chekechea. Niliuacha.

Dokta Marisol alipima la kushoto, akapima tena, akaweka kifaa chini.

"Matone unaweka kila jioni?"

"Ndiyo," nikasema.

"Haweki," mama akasema. "Mimi nilimwambia aache. Macho yalikuwa mekundu, Dokta, na kwetu macho mekundu..." Akashindwa kumalizia. Akaanza upya, akamweleza habari za Bibi, majivu, yule mama wa Nkoma, yote, mbele ya wale vijana wa kazi.

Dokta alisikiliza hadi mwisho. Nilisubiri agombe. Afadhali angegomba.

"Yapo matone mengine," akasema. "Yanaleta wekundu kidogo tu. Ungeniambia, mama, ningebadilisha siku ileile."

Mama aliinamisha kichwa, na nilimsikia akipumua kwa mdomo.

Akanibadilishia, ila kwa wakati ule matone peke yake yalikuwa hayatoshi tena. Nilitakiwa kwenda Mwanza, kwenye hospitali kubwa, nikafanyiwe upasuaji wa kufungua njia ya maji ya jicho ili presha ishuke. Dokta hakunificha. Upasuaji haurudishi kilichokwisha kupotea. Unalinda kilichobaki, na mara chache sana hata hicho kilichobaki kinaweza kuharibika. Jicho lenyewe lilikuwa la kushoto. Ndilo pekee nililonalo.

Wiki ile nyumba yetu haikukalika. Mama alikataa kabisa.

"Waguse hilo hilo moja? Wakikosea?"

"Wasipogusa linakwenda vilevile, mama."

"Linakwenda polepole. Polepole ni afadhali. Tutatafuta dawa kwa watu."

Nami sikuwa shujaa. Nilibisha kwa mdomo, ila moyoni nilikuwa upande wake. Nilihesabu kwamba polepole inaweza kunipa miaka kadhaa ya kuchora, na nikaanza kupanga mabango gani niyamalize kwanza. Bibi alikuwa anachambua mchicha pembeni, ametusikia siku zote hizo akijifanya hasikii.

"Kwani matone aliacha kwa nini?" akauliza.

Tukatazamana, maana hatukuwahi kumwambia.

"Nauliza nyinyi wawili."

"Watu walisema ana macho kama yako," mama akasema.

Bibi aliendelea kuchambua. Akatupa shina moja, akatupa la pili.

"Mimi walinisema nikiwa naona," akasema. "Niliwaona mmoja mmoja, nawajua mpaka leo. Huyu mnataka asisemwe, halafu awe kipofu? Faida yake nini?" Kisha akamgeukia mama. "Na wewe acha kumfundisha mtoto kuogopa watu wa Nkoma. Watu wenyewe hata ng'ombe wao wamekonda."

Mama alicheka kwanza, kisha akalia. Kesho yake alikwenda kuuliza nauli ya Mwanza.

Sitaeleza upasuaji, kwa sababu niliuogopa kuliko ulivyokuwa. Ukiwa macho unasikia wakiongea habari za mechi huku wanafanya kazi kwenye jicho lako, na hakuna maumivu. Kigumu ni baada yake. Waliniwekea kifuniko, na kwa kuwa la kulia halina kazi, nikawa kipofu kamili kwa muda. Nilimtambua mama kwa harufu ya dagaa nyweleni, isiyotoka hata akioga. Nilijifunza kwamba chai inajaa kikombe kwa sauti. Kwenye kitanda cha jirani alikuwapo mvuvi wa Kalemela, mtu aliyefanyiwa jicho moja na jingine likiwa zima, akajipa kazi ya kunitangazia yanayopita dirishani.

"Kuna nesi anapita. Mrefu. Anakutazama."

"Muongo wewe."

"Haya, hakutazami. Anatazama uji. Nilitaka upone kwa furaha."

Walipofungua kifuniko niliona ukungu, nikajua wamekosea. Nikamwambia mama wamekosea. Nesi akasema ukungu ni kawaida, utaondoka polepole. Sikumwamini. Ukaondoka polepole, kama alivyosema. Nakuandikia hili hasa kwa sababu ya siku zile za ukungu. Usifanye kama mimi niliyekuwa nageuza uso ukutani na kukataa kula. Uliza kila unachoogopa, hata kama umeshauliza jana. Wanajibu. Na kama dawa inakuletea jambo la aibu mbele ya watu, mwambie daktari jambo lenyewe, na habari za watu hao umwambie pia.

Nimerudi kazini. Napiga mstari kwa uzi wenye chaki, sitegemei tena jicho kuniambia kipi kimenyooka. Kazi imekuwa ya polepole. Mwenye duka la vipodozi aliniuliza kope zimekwenda wapi, nikamweleza habari yote kutoka mwanzo. Akauliza wanapima lini tena, maana baba yake hujikwaa sana. Ule ubao wa chumbani nimeupaka chokaa. Wiki ya kwanza nilikuwa bado nauona chini ya chokaa, au nilidhani nauona.

Mvua za kupandia zilipoanza tena nilitakiwa Mwanza kwa kipimo ambacho kingeonyesha kama upasuaji umeshika. Unaingiza kidevu kwenye mashine, vinuru vidogo vinawaka huku na huku, nawe unabonyeza kitufe kila ukikiona kimoja. Hakuna kitu nilichowahi kukiogopa kama vile vinuru nisivyoviona. Nikaanza kubonyeza na pale ambapo sikuona, kwa kukisia, ili nisipungukiwe.

Nesi akasimamisha mashine.

"Kaka, unabonyeza hewa. Inaniandikia hapa. Mwenyewe unataka daktari atibu jicho lako au jicho la kukisia?"

Tukaanza upya. Safari hii niliviacha vile nisivyoviona vipite. Ni kazi ngumu kuliko zote nilizowahi kufanya: kukaa kimya, kidole juu ya kitufe, nikijua kuna mwanga umewaka mahali na haukunifikia.

Daktari wa Mwanza aliweka picha ya kipimo cha kabla ya upasuaji na ya siku ile pamoja. Aliangalia moja, akaangalia nyingine, akarudi ya kwanza.

"Vilevile," akasema.

"Vilevile kivipi, Dokta?"

"Kilichopotea hakijarudi. Hakitarudi. Lakini hakuna kilichoongezeka, na presha imeshuka pazuri. Endelea na matone. Tuonane baada ya mavuno."

Nilimwomba arudie. Akarudia bila kuchoka.

Mama alikuwa nje kwenye benchi, mkoba magotini, akasimama kabla sijafika.

"Anasemaje?"

"Vilevile."

"Haijapona?"

"Haijapona."

"Na haijazidi?"

"Haijazidi."

Alinitazama usoni, jicho moja kisha jingine, akitafuta kitu. Kisha akafungua mkoba, akatoa kiazi cha kuchemsha, akanimegea nusu kubwa.

"Kula," akasema. "Gari la Bariadi halitusubiri."

Tulipotoka getini barabara ilikuwa na pikipiki nyingi. Mama alizunguka nyuma yangu bila kusema neno, akahamia upande wa kulia, akatembea hapo hadi stendi.